Kiboko Kiondolewe kwa Mujibu wa 375 au 458

Katika kijiji chetu kando ya mto Sabaki hakuna mtu mwenye bunduki. Uwindaji umepigwa marufuku nchini tangu miaka ya sabini, na mnyama mkubwa akikusumbua huna budi kuwaita askari wa wanyamapori, ambao huja na bunduki yao, risasi zao na akili zao. Nayasema haya mwanzo ili ieleweke kwamba watu wazima wawili waliogombana miezi miwili juu ya risasi ya kumpigia kiboko hawakuwa na bunduki wala risasi. Kuhusu akili, amueni wenyewe.

Kiboko alitokea mwishoni mwa Mei, mahindi yakiwa yamefika magotini. Alianza na shamba la shangazi yangu Zipporah kwa sababu ndilo lililo karibu zaidi na maji. Ni ekari mbili, na hana nyingine. Shangazi ni mjane, ana wajukuu watatu nyumbani, na mahindi yale ndiyo yangekuwa ugali wao mpaka mvua za mwaka unaofuata. Alizungushia miiba, kiboko akaikanyaga akapita. Akaning'iniza makopo matupu kwenye kamba, kiboko akayazoea. Kila asubuhi Shangazi alihesabu mistari iliyobaki, kisha akaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya mashamba, Mzee Mwambire.

Mzee Mwambire alimsikiliza vizuri. Alipomaliza, akauliza swali moja: "Sasa huyu apigwe na ipi?"

Nimweleze kidogo Mzee Mwambire. Ujanani, kabla ya marufuku, alifuatana na Mzungu mmoja mwindaji safari ya siku nne. Yeye husema alibeba bunduki. Mama yangu, aliyekuwapo wakiondoka, husema alibeba sanduku la sufuria. Vyovyote iwavyo, alirudi na namba moja kichwani, nne hamsini na nane, na tangu hapo hajawahi kukaa penye watu zaidi ya watatu bila kuitaja. Hiyo ni risasi nene, nzito, ya kumsimamisha nyati anayekujia mbio. "Ikimgusa, ameanguka," husema. "Hiyo ndiyo kiboko yao."

Katibu wake alikuwa Bwana Thuku, mtu wa Nyeri, mwuza misumari na mabati, aliyehamia kwetu miaka kumi iliyopita na kutuzidi sote kwa kuhudhuria mikutano. Yeye hakuwahi kubeba hata sufuria. Alichokuwa nacho ni simu, na ndani ya simu wanaume wenye ndevu wa nchi za mbali wanaopiga risasi mapipa ya maji na kueleza matokeo. Wanaume hao walikuwa wamemfundisha tatu sabini na tano. Ni nyembamba kidogo, alisema, lakini inaenda mbali bila kushuka, inaingia ndani sana, na bunduki yake haikupigi teke la kukutegua bega.

"Bega la nani?" Mzee Mwambire aliuliza kwenye mkutano wa kwanza. "Lako wewe Thuku?"

"La yeyote, Mzee. Mtu akiogopa teke, anafunga macho. Akifunga macho, anakosa."

"Mwanamume hafungi macho."

Basi mkutano wa kwanza uliishia kwenye macho. Shangazi Zipporah alinyoosha mkono akauliza askari watakuja lini. Bwana Thuku akamwambia, kwa upole kabisa, "Mama, subiri kidogo, hapa tuko kwa mambo ya kitaalamu."

Mkutano wa pili ulikuwa wa majaribio. Bwana Thuku alileta tikiti maji mawili, msumari wa inchi sita na nyundo. Akaupigilia msumari kwenye tikiti la kwanza, ukazama wote, akatugeukia na kusema hiyo ndiyo tatu sabini na tano, inafika moyoni. Mzee Mwambire akaomba mchi, na mchi uliokuwa karibu ulikuwa wa Shangazi. Akalipasua tikiti la pili, maji yakaturukia hadi kwenye mstari wa nyuma. "Nne hamsini na nane," akasema, akajipangusa. Watu wakapiga makofi. Matikiti yakaliwa. Kijiji kikagawanyika siku hiyo, na ikawa hata kwenye matanga hukai karibu na mtu kabla hujajua yeye ni wa msumari au wa mchi.

Shangazi alirudi nyumbani na mchi wake. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni na nusu ya shamba ilikuwa imekwenda.

Mkutano wa tatu ndio ulioamua kwamba barua iandikwe. Sasa, barua ya kumwita askari inahitaji mistari miwili: yupo kiboko, njooni. Lakini pande zote mbili zilishikilia kwamba risasi itajwe, serikali isije ikaleta kitu kidogo ikatuaibisha. Wakabishana namba ipi itangulie. Wiki nzima nyingine. Mwishowe wakakubaliana zifuatane kama zinavyohesabiwa, na Mzee Mwambire akakubali kwa sharti kwamba jina lake litangulie la Thuku kwenye sahihi.

Hapa ndipo ninapoingia mimi. Naitwa Gladys, nina duka dogo la kupiga chapa na kutoa nakala pale Muyeye, Malindi. Bwana Thuku alinijia na barua aliyoiandika kwa mkono. Naikumbuka yote:

"MINT: OMBI LA KUONDOLEWA KWA KIBOKO. Kiboko kimetesa watu wetu kwa muda mrefu, hasa akina mama na watoto. Mzee mmoja kimemuumiza mgongo. Tumejaribu kuvumilia lakini kinazidi. Tunaomba kiondolewe mara moja kwa mujibu wa 375 au 458."

Mgongo ulioumia ni wa mzee mmoja aliyeanguka akikimbia. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni lugha.

"Bwana Thuku," nikamwambia, "kiboko ni mnyama. Husemi kimetesa, unasema ametesa. Aondolewe."

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. "Gladys. Kiboko, viboko. Kisu, visu. Hiyo ni ki-vi. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua."

"Na hizi namba, huandiki kwamba ni risasi?"

"Mtaalamu hasemi risasi. Mtaalamu anasema namba. Wewe chapa vile iko."

Nilikasirika. Nimezaliwa na Kiswahili hiki, halafu mtu aje anifundishe ki-vi dukani mwangu. Nilijua barua ile, kwa mtu asiyejua habari zetu, ilikuwa ikizungumzia bakora. Nilijua kabisa. Nikacheka kimoyomoyo nikasema acha iende, wakubwa wa ofisini wamcheke wamshibe. Nikaichapa vile ilivyokuwa, koma kwa koma. Mzee Mwambire akatia sahihi bila kusoma, isipokuwa zile namba mbili, ambazo alizikagua kwa miwani. Barua ikapelekwa kwenye ofisi za serikali mjini, ikaachwa mapokezi wao waamue ni ya nani.

Zikapita wiki tatu. Kila Jumamosi nilipokwenda kijijini Shangazi aliniuliza, "Wamejibu?" Nami nikamwambia ofisi huchelewa. Mahindi yaliyosalia yalikuwa yameanza kutoa mbelewele. Alikuwa akiyaita kwa jina, yale: ugali wa Desemba, ugali wa Januari. Mistari ya Februari ilikuwa imeshaliwa.

Mgeni alifika Alhamisi asubuhi. Hakuwa na bunduki. Alikuwa mama wa makamo, Bi Nduku, afisa wa haki za watoto, na alishuka garini na mabango matatu yaliyoandikwa MTOTO HAPIGWI. Kamati yote ilikuwapo, nami nilikuwa nimefunga duka nikaja. Bwana Thuku alikuwa amevaa tai.

"Nimesoma barua yenu," Bi Nduku akasema, "na nawapongeza kwa ujasiri. Vijiji vingi huficha. Sasa, hicho kiboko kiko wapi?"

"Kiko kwa mto," Bwana Thuku akajibu.

Bi Nduku akaandika. "Kwa nini mnakiweka mtoni?"

"Hatukiweki. Kinapenda maji."

"Hukitumia nani?"

"Hakitumiwi na mtu, Madam. Kinakuja chenyewe."

"Na ni kirefu kiasi gani?"

Bwana Thuku akafikiri, maana alitaka kuwa sahihi. "Kama Probox."

Bi Nduku akaweka kalamu chini. Akasema kwamba ametafuta kifungu cha 375 na cha 458 katika sheria zote zinazohusu watoto na hajaviona, na angependa kujua ni sheria gani hasa. Hapo Mzee Mwambire, ambaye tangu asubuhi alikuwa akisubiri namba zitajwe, akasimama na kuanza kumweleza uzito wa baruti.

Ni Shangazi aliyeyamaliza. Alisogea mbele, akaamkia, akasema, "Mwanangu, ni mnyama. Anakula mahindi yangu. Ana mdomo huu mkubwa."

Bi Nduku alimtazama, akaitazama barua, na nikaona anaelewa. Hakucheka. Laiti angecheka. Alitoa simu, akampigia mtu anayemfahamu kwa askari wa wanyamapori, akasema kuna kiboko shambani kwa mama mmoja ng'ambo ya daraja la Sabaki. Akasikiliza, akasema asante. "Watakuja kesho saa tatu," akatuambia. Alichukua muda mfupi kuliko ninaouchukua kuwasha kompyuta. Kisha akatueleza kwamba barua yetu ilizungumzia bakora, akauliza kwa nini hatukupiga simu tangu mwanzo, na kamati nzima ikatazama ardhi, isipokuwa Bwana Thuku, aliyesema kwamba kwa simu huwezi kubainisha risasi.

Mabango yake alituachia. Moja Mzee Mwambire amelifanya pazia.

Askari akafika Ijumaa saa tatu kamili, kama tulivyoahidiwa. Jina lake Baya, kijana wa Rabai, mpole, mwenye buti zilizochakaa. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo kiboko alikuwa amekuja mapema na kukaa sana. Tulipofika shambani palikuwa na mabua yaliyolala, kinyesi, na nyayo pana zinazoelekea mtoni. Hapakuwa na muhindi uliosimama. Desemba imekwenda, Januari imekwenda.

Baya alizifuata nyayo mpaka ukingoni, akakaa huko kitambo, akarudi. "Ameshahama," akasema. "Ameelekea juu, kwenye nyasi. Hapa hana tena cha kula. Pole sana, mama. Ungeniita wiki mbili nyuma ningemfukuza kwa kelele tu, nisingehitaji hata kumpiga."

Ningependa kusema kwamba kamati iliona haya. Bwana Thuku alisafisha koo. "Lakini afisa, kama ingebidi. Ungetumia tatu sabini na tano, si ndiyo?"

"Ama nne hamsini na nane," akasema Mzee Mwambire.

Baya aliwatazama kwa zamu. "Zote mbili ziko garini," akasema. "Huwa nachukua iliyo karibu na mlango."

"Na leo iliyo karibu na mlango ni ipi?"

Baya alisema hakumbuki. Basi wakaondoka kwenda kuangalia. Wakaondoka wote, wa msumari na wa mchi, wakipita juu ya mabua, wakiharakisha kila mmoja asije mwingine akatangulia kuona. Niliwasikia wakibishana mpaka kwenye barabara.

Tukabaki mimi na Shangazi. Alikuwa ameinama akiyageuza mabua, akitafuta labda muhindi uliosalimika. Aliokota mmoja, mchanga, umetafunwa nusu, akautia kwenye kanga.

"Gladys," akasema bila kuinuka, "yule mama wa jana alisema barua ilikuwa inazungumzia bakora."

"Ndiyo, Shangazi."

"Thuku alikosea kuandika."

"Alikosea."

"Na Mwambire hakuisoma."

"Hakuisoma."

"Mimi sijui kusoma." Akanyooka, akashika kiuno, akanitazama usoni. "Wewe je, uliisoma?"

Ningeweza kumwambia kwamba sikutambua. Angeniamini, maana alisaidia kunilea na hajawahi kunishika na uongo. Lakini midomo ilikuwa imeshafunguka. "Niliisoma," nikasema. "Niliona kosa. Niliacha ili wamcheke."

Alitikisa kichwa polepole, akikubali, kama mtu aliyeuliza bei na kujibiwa. Kule barabarani kicheko kilipasuka, kisha sauti ya Bwana Thuku ikasema, "Hebu zishikeni tupige picha."

"Wamemcheka?" Shangazi akauliza.

"Hapana."

"Haya," akasema. Akainama tena kwenye mabua.