Kiti cha Avelina

Mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda kijijini Nahimba, na mama aliyeishi huko alikuwa amevunjika nyonga. Ndiyo maana Anselmo alitoka Tabata alfajiri, amevaa suti, akapanda ndege ndogo ya misheni kwenda kumchukua.

Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa majani nyuma ya zahanati. Rubani aliukanyagakanyaga udongo, akatikisa kichwa.

"Umelowa sana. Nikiwapakia wote hatunyanyuki. Mama na mtu mmoja tu."

Avelina, mdogo wake Anselmo aliyekuwa akimuuguza mama, alikuwa tayari na kibegi chake. Anselmo alijua nani anafaa kwenda. Lakini Dar ndugu wa Tabata na Chamazi walikuwa wanasubiri, simu mkononi, wamwone mtoto wa kwanza akimteremsha mama yake kwenye ndege.

"Nitaenda naye mie," alisema. "Kesho natakiwa kazini."

"Kaka, mama anahitaji mwanamke karibu."

"Mwendo wenyewe mfupi. Kwani mie si mtoto wake?"

Avelina aliweka kibegi chake chini. Alimfunga mama khanga ya pili kiunoni, akaweka kopo chini ya kiti chake ndegeni, akarudi nyuma.

Walikuwa juu ya mto uliofurika mama alipoanza kuhangaika.

"Anselmo, nimebanwa."

Akainama kulichukua kopo. "Hili hapa, mama. Ngoja nikusaidie."

"Wewe?" Mama aliushika upindo wa khanga kwa mikono miwili. "Mwanangu wa kiume? Hapana. Geukia huko, nitajikaza."

Akageukia dirishani. Maji ya mto yalikuwa ya kahawia, yamemeza mashamba. Aliendelea kuyatazama hata yalipopita, hata harufu ilipomfikia, hata alipohisi mama akivutavuta khanga kujifunika mapaja. Alipogeuka, mama alikuwa amefumba macho, na shavu lake lilikuwa limelowa.

Ndege iliposimama Dar, Anselmo alichukua chupa yake ya maji akaimimina kwenye kiti, kwenye khanga ya mama, kisha kwenye suruali yake mwenyewe. Mlango ukafunguliwa.

"Weee, braza!" Wilfred, mdogo wake, alipaza sauti huku akirekodi. "Umejikojolea angani? Na suti yote hiyo!"

Watu wakaangua kicheko.

"Chupa imenimwagikia," Anselmo alisema. "Nimemlowesha na mama."

Walizidi kucheka, naye akaomba moyoni wasiache.

Mama hakucheka. Flaviana, mke wa Anselmo, alipanda akapiga goti kando ya kiti.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu. Nitafutie khanga kavu. Halafu mpigieni Avelina, mwambieni nimefika." Akaibana khanga iliyolowa mapajani. "Na wanaume wasogee mbali."

Anselmo alikuwa wa kwanza kusogea.