Magari Kwenye Njia ya Ndege

Warren Tesch aliwaambia mwenyewe, tena kwa sauti ya kusikika na wote: egesheni kwenye njia ya ndege. Sehemu ya kuegesha ilikuwa imejaa kabla jua halijazama, pikapu zimebanana hadi barabarani, na watu walizidi kumiminika kumsikiliza yeye na mgombea mwenzake wa umeya wa Tamarack Falls wakirushiana maneno juu ya uwanja wa ndege wa mji. Dale Kuchta, mtunza uwanja, alikuna kichwa.

"Mheshimiwa, njia haifungwi hivihivi. Lazima tuwatangazie marubani, na tangazo lenyewe..."

"Dale, nani atatua na ukungu huu? Bata?"

Watu wakacheka. Dale naye akacheka, maana Warren ndiye aliyeongoza baraza linalomlipa mshahara, kisha akachukua tochi akaenda kuwaelekeza wenye magari.

Warren hakuwa mtu mbaya. Mwenye kichwa kigumu, ndiyo. Alitaka uwanja ufungwe zijengwe nyumba, na sababu yake ilikuwa na jina: Britta, bintiye wa pekee, muuguzi, aliyehamia Duluth baada ya kutafuta nyumba ya kupanga mjini kwao mwaka mzima akaambulia patupu. Kila Warren alipoitazama lami ile tupu aliona kibaraza cha binti yake, umbali wa kutembea kwa miguu. Kilichomuuma ni kwamba Britta mwenyewe alikuwa upande wa pili. Alijifunzia kurusha ndege palepale, na mwalimu wake alikuwa Lorna Petrik, mpinzani wa baba yake. Jumapili alimpigia simu: "Nakuja kwenye mdahalo, Baba, na nitakaa upande wa Lorna. Usininunie." Warren alinuna hata hivyo, akakata simu bila kumuuliza anakuja na usafiri gani.

Mdahalo ulifanyika ndani ya banda la ndege, lango likiwa wazi. Bi Odegaard wa maktaba, msimamizi, alimwagiza Dale azime sauti ya redio ya ofisini isije ikakoroma katikati ya hoja. Kisha akawapa wagombea nafasi.

"Nyumba mia mbili!" alisema Warren. "Mwalimu wa watoto wenu analala kwenye gari, na sisi tunafyeka nyasi za uwanja ambao wiki nzima hakitui kitu!"

"Mwezi uliopita ilitua ndege ya kumpeleka mjukuu wa Skaar hospitali," alijibu Lorna, mjane mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. "Au naye ni bata?"

Kicheko kikapasuka. Hata mzee Skaar alicheka.

"Mara moja kwa mwaka, Bi Lorna!"

"Siku ukiumwa wewe, mara moja itakutosha, mwanangu."

Bi Odegaard akainua kadi nyekundu kuwatuliza. Warren hakumjali. Alinyoosha mkono kuelekea langoni, kwenye giza na ukungu uliokuwa ukitambaa kutoka ziwani.

"Tazameni wenyewe. Mnaona nini kwenye njia ya ndege? Magari yenu! Hiyo ndiyo kazi iliyoibakia."

Taa zikawaka.

Zilikuwa safu mbili za taa nyeupe, pande zote mbili za njia, na vioo vya magari vikang'aa vyote kwa mpigo. Watu wakapiga makofi. "Lorna, umetuweza!" "Umemlipa nani akuwashie?" Warren naye alitabasamu, akatafuta neno la kumrudishia. Ndipo alipomwona Lorna usoni, na tabasamu likamkauka.

"Si mimi," alisema Lorna. "Dale?"

"Niko hapa," alijibu Dale kwenye meza ya kahawa, kikombe mkononi.

Marubani wachache waliokuwamo walikuwa wamekwisha kusimama. Taa zile huwashwa kwa redio tu, na kwenye redio ya ofisini hapakuwa na mtu. Rubani huziwasha mwenyewe akiwa angani, kwa kubofya kitufe cha redio yake mara kadhaa harakaharaka. Hukaa robo saa, kisha huzimika zenyewe, asipobofya tena. Warren alilijua hilo vizuri, maana gharama za taa hizo alizipigia kelele barazani miaka na miaka.

"Kuna mtu juu," alisema Lorna. "Toeni magari. Toeni magari!"

Viti vikaanguka, watu wakakimbia wakipapasa funguo mifukoni. Mlio wa injini ukasikika ndani ya ukungu, ukishuka. Warren alimfuata Dale ofisini. Dale akaongeza sauti ya redio.

"...Tamarack, naingia kutua. Nimewaita weee. Hamnisikii?"

Warren aliitambua sauti hiyo. Alimpokonya Dale kipaza sauti.

"Britta! Panda juu! Kuna magari!"

Injini ikanguruma, mabati ya banda yakatetemeka, watu waliokuwa njiani wakajitupa nyasini. Kisha mlio ukainuka, ukapita. Nje watu walishangilia.

"Nimeyaona," alisema Britta, akihema. "Mmeegesha magari kwenye njia? Nani kafanya ujinga huo?"

Dale aliangalia sakafu.

"Mimi," alisema Warren. "Ni mimi, mama."

Mlio wa injini ulielekea ziwani.

"Haya. Yatoe, Baba. Ukungu umenizungusha sana, mafuta yamebaki kidogo, na Duluth nako kumezibwa. Nazungukia ziwani, narudi."

Magari yalitolewa mbio, mengine yakigongana, na hakuna aliyelalamika. Dale alikimbia njia yote na tochi yake, akarudi akipiga kelele kwamba njia ni tupu.

"Britta, njia iko wazi," alisema Warren. "Njoo, mama."

Hakujibiwa. Aliita tena. Nje watu walizima injini zao mmoja mmoja ili wasikie vizuri, na juu hapakusikika injini yoyote. Kisha taa zikazimika.

Robo saa ilikuwa imepita, na hakuna aliyezibofya tena kutoka juu. Warren alitazama giza lile, kipaza sauti mkononi. Lorna aliingia, akamshika kidole akakiweka juu ya kitufe.

"Bofya," alisema. "Asikute giza."

Warren akabofya, na taa zikawaka juu ya lami tupu. Baadaye wanaume walishusha boti ziwani na tochi zao, na Bi Odegaard akaleta blanketi ambalo Warren hakuligusa. Yeye aliyeomba kura ili taa zile zizimwe kwa mara ya mwisho alikaa mbele ya redio akiita jina la mwanawe. Zilipozimika tena, alibofya tena.