Kichupa Mgongoni

Inamahoro hajui kukaa. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka mbele ya kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu pale Gungu, mpaka wateja wakaniuliza kama tumegombana.

Alikuja kuazima taa yangu ya betri, ile ya kukagulia noti bandia. Vyeti vyake vya kemia vilibaki Bujumbura alipokimbia machafuko. Mwalimu Leodgar, mkuu wa maabara ya shule, alipoombwa kazi alimwambia bila kupepesa macho: kama kazi unaijua nionyeshe leo jioni, la sivyo rudi kambini. Akampa chumvi ya dhahabu iliyoyeyushwa, tone la mwisho. Inamahoro akaichanganya na ute wa yai kwenye kichupa.

"Itawaka nyekundu," aliniambia. "Kwenye pete ya dhahabu, dada, elektroni zinazurura zinakotaka. Atomu zikiwa ishirini na tano tu, elektroni zinabanwa, kila moja na ngazi yake. Taa inazipandisha, zikishuka zinatoa mwanga."

"Mbona haiwaki?"

"Inataka joto la mwili kutwa nzima. Umeme wa maabara umekatika."

Alikikumbatia kichupa kifuani, lakini kila mara alikitoa, akakimulika, kikapoa. Alinichosha. "Si ukifunge mgongoni, basi!"

Nikajing'ata ulimi. Kule Kagunga ufukweni, yeye na wakimbizi wenzake walipokuwa wakisubiri meli, kipindupindu kilimchukua mwanawe Ella. Mtoto alipoa mgongoni mwake, yeye akidhani amelala. Tangu hapo hata mtoto wa jirani hambebi.

"Oya," alisema kwa Kirundi. Hapana. Akazunguka kibanda tena. Halafu akafungua kitenge, akainama mbele yangu. Nilikifunga kile kichupa mgongoni mwake. Nilimwogopea kweli.

Mpaka jioni alitembea, akienda na kurudi, hakukigusa hata mara moja. Leodgar alipofika tukashusha dirisha la kibanda kuwe giza, nikakitoa, nikawasha taa. Kikawaka chekundu kama kaa la jikoni.

Leodgar alikitazama mpaka nikataka kumfinya. "Jumatatu uanze kazi," akasema.

Nikapiga kigelegele peke yangu. Inamahoro hakunisikia. Alikuwa ameinama tena, kitenge mkononi, ananisubiri nikirudishe mgongoni.

"Kazi imekwisha, mwenzangu. Kiweke mezani upumzike."

"Nifungie kidogo, dada," alisema. "Bado kina joto."