Nebrath Mwenye Funguo

Ambrose Thirkell alikuwa na mungu wake mwenyewe. Hakumpata kanisani, kanisani alikuwa ameacha kwenda tangu mchungaji aliposinzia akisomewa shairi lake. Alimtunga mwenyewe, jikoni, mkewe Kezia akimenya viazi, akampa jina Nebrath. Tangu siku hiyo nyumba yao ndogo ya kusini mwa mto Thames ikawa na watu watatu, na huyo wa tatu ndiye aliyechukua nafasi kubwa kuliko wote.

Nebrath alikuwa mungu mbaya. Kwa mujibu wa shairi hilo, ambalo halikuwa na dalili ya kwisha, ndiye aliyeuzunguka ulimwengu na shada la funguo, akaifungia mvua mawinguni, akakifungia kicheko vifuani mwa watu, kisha akaketi juu ya theluji na funguo zake mapajani, ananung'unika kwamba viumbe hawana shukrani. Thirkell alimchukia kwa moyo wake wote. Aliweza kumlaani tangu uji wa asubuhi mpaka mshumaa unapozimwa. Akimaliza kulaani, huingiza vidole mfukoni mwa kizibao, akatoa funguo, akamfungulia mkewe kisanduku cha chai, akampimia kijiko cha majani, kisicho na kilele, akafunga. Ufunguo wa makaa ulikuwa papo hapo, na wa sukari pia. Wanasema nyani haoni kundule. Huyu alikuwa amelitungia la kwake utenzi mzima na bado hakuliona.

Kazi iliyowalisha ilikuwa kuchonga picha kwenye mabamba ya shaba. Yeye huchonga, Kezia hupaka wino, huzungusha gurudumu la kinu cha kuchapia na kutundika karatasi zikauke. Picha zenyewe zilikuwa za mabirika na viti vya watu wenye maduka, na kila birika alilochonga alilidharau, pamoja na mwenye birika. Sasa, shaba huchongwa kinyume, maana karatasi ikigandamizwa juu yake, kulia huwa kushoto. Ndiyo sababu kila mchongaji huweka kioo mezani, atazame humo kazi itakavyotokea. Thirkell naye alikuwa na chake, kimesimamishwa mbele ya pua yake kati ya taa na dirisha.

Alipoanza kumchonga Nebrath, mwili ulimtii na theluji ikamtii, lakini uso ukagoma. Alikaa siku nzima akiulaani, amekunja ndita, amebinua mdomo. Jioni akapiga kelele kumwita mkewe.

"Uso umenijia, Kezia. Umenitokea hivi hivi."

"Umetoka wapi?"

"Kwenye giza la milele. Huwezi kuelewa."

Kezia alielewa vizuri sana asubuhi iliyofuata, alipoibandua karatasi ya kwanza kwenye bamba. Mungu mwenyewe alikuwa na ndevu kama za beberu, na taji la barafu, lakini chini ya taji kulikuwa na mdomo ule wa mumewe uliobinuka kila yeye Kezia akiomba kijiko cha pili cha chai, na nyusi ile iliyokatika katikati, iliyopasuliwa na ubao wa dirisha Thirkell akiwa mtoto. Mkato wenyewe ulikuwa upande ule ule aliouona Kezia kila siku mezani. Mumewe aliujua uso wake kwa kioo tu, na kioo hugeuza. Hivyo aliishika karatasi, akaitazama kwa kiburi kitupu, asimwone humo ila Nebrath. Kezia akarudi kupaka wino. Alijua akifungua mdomo atahutubiwa mpaka viazi viungue.

Picha ikapelekwa kwa Tuckwell, muuza picha, naye akaibandika dirishani mwa duka lake. Dirisha hilo lilikuwa na wateja wake, na wengi wao hawakuwa na pesa: kila asubuhi watu walijazana nje kuwacheka mawaziri na vitambi vyao, majenerali na wake zao, maana hapo ndipo wachora katuni walipomalizia hasira zao. Hakuna aliyewahi kuona pale picha isiyomkejeli mtu. Walipomwona mzee wa funguo, hawakuuliza maana yake. Waliuliza ni nani.

"Nyie vipofu?" akasema Nan, mama muuza mikunga, wale samaki kama nyoka, karai lake kichwani. "Funguo zote hizo za nani hapa mtaani? Dacombe huyo."

Basi, hapakuwa na haja ya ushahidi mwingine. Humphrey Dacombe, hakimu wa mtaa, mwezi ule ule alikuwa ameamuru vilabu vya pombe vifungwe mapema na bomba la maji litiwe kufuli, ati watu wasipate pa kukusanyikia na kuisema serikali. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na Tuckwell akauza kila karatasi aliyokuwa nayo.

Thirkell alikuwa amekwenda kujionea umati ukitetemeka mbele ya Nebrath. Aliposikia vicheko alipanda juu ya sanduku, akaanza kuwafafanulia habari za mvua na za theluji na za kicheko kilichofungiwa kifuani. Walidhani hiyo nayo ni sehemu ya mzaha, wakamshangilia. Alirudi nyumbani ameghadhibika, na kwa jinsi alivyokuwa, hakujua kwamba kuchekwa ndiyo ilikuwa bahati yake. Bahati mbaya ilifuata kabla ya chakula cha mchana, na ilivaa koti la askari.

Ilikuwa miaka ya vita na Wafaransa, na mtu aliweza kufungwa kwa neno lililomponyoka klabuni, sembuse picha ya kumdhihaki hakimu. Jela nayo ilikuwa na homa yake. Wengi waliingia humo kwa miguu wakatolewa kwa jeneza kabla hata kesi kusomwa. Kezia alimdharau mumewe, hilo hakulificha hata kwa jirani. Lakini alikijua kifua chake kinavyokoroma wakati wa baridi, na hakutaka kwenda kuichukua maiti yake langoni. Alijifunga shali, akamfuata mumewe na askari aliyemkamata.

Dacombe alisikiliza shauri sebuleni kwake, Nan na nusu ya mtaa wakiwa wamejibana mlangoni. Alikuwa mtu mnene, mwekundu, mwenye uso wa duara kama jibini, asiyefanana na picha ile hata kidogo. Lakini mtaa mzima ulikuwa umeshaamua kwamba ni yeye, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini. Aliuliza ni uso wa nani. Thirkell akajibu ni wa Nebrath. Akaulizwa Nebrath anaishi mtaa gani. Akajibu anaishi ndani ya kila nafsi yenye woga, na karani akauliza kama aliandike hilo.

"Nitakurahisishia," alisema Dacombe. "Kama uso huu ni wa mtu mwingine, mtaje, uende zako. Kama huna wa kumtaja, basi ni wangu, na leo utalala jela."

"Siwezi kumshusha wa milele akawa mtu wa mtaani," alisema Thirkell, kidevu juu.

Kezia alimtazama, akahisi hasira ya miaka yote ikimpanda pamoja na huruma. Mtu huyu angekubali kufa kwa homa kuliko kutazama vizuri karatasi aliyoichonga mwenyewe. Akaomba ruhusa ya kusema, akapewa.

"Mheshimiwa, mwambie akae kwenye kile kiti. Bwana Thirkell, toa funguo zako, ziweke mapajani." Akasubiri mpaka Thirkell akatii, maana askari alikuwa amemshika bega. "Sasa, mume wangu, naomba kijiko cha pili cha chai."

Mdomo ukabinuka. Haukungoja amri yake. Ulikuwa na mazoea. Nyusi iliyokatika ikashuka na kidevu kikazama shingoni, na pale kitini, bila ndevu wala taji, akawa amekaa Nebrath mzima mzima. Kicheko kilianza kwa Nan, kikamkumba karani, kikamfikia hakimu, ambaye alicheka mpaka akafuta machozi, kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa uso wake. Funguo zilimponyoka Thirkell zikaanguka sakafuni. Kezia akaziokota.

"Nataka nisikie kwake mwenyewe," alisema Dacombe, na sasa hakuwa anacheka. "Huyu mwenye funguo ni nani?"

Thirkell aliitazama picha, akamtazama mkewe, akautazama mlango ambako askari alisimama na pingu.  

"Ni mimi," alisema, kwa sauti ambayo hata karani ilibidi ainame kuisikia.

Wakamwacha. Njia nzima hakusema neno, na Kezia, kwa upumbavu wa watu wenye matumaini, alidhani labda limemwingia. Funguo zilibaki mfukoni mwa aproni yake. Mumewe hakuzidai, kwa sababu kuzidai kungemlazimu anyooshe mkono na kubinua mdomo.

Kumbe alikuwa anatunga. Juma lile alijifungia na bamba jipya, na alipotoka alitangaza, bila kumtazama Kezia usoni, kwamba ulimwengu una uovu mkubwa kuliko Nebrath. Ni mungu mke, Kezmara, mama wa usaliti, aliyemuuza mumewe kwa kicheko cha makabwela. Uso wake, alisema, ulimjia wenyewe kutoka gizani.

Kezia alipaka wino, akazungusha gurudumu. Moyo ulimdunda, na alijionea aibu kwamba unadunda. Alitaka tu kujua anaonekanaje machoni pa mtu huyu, hata kama ni kwa chuki. Akaibandua karatasi. Kezmara alikuwa na nywele ndefu na kifua cha mwanamke. Mdomo ulikuwa umebinuka. Nyusi ilikuwa imekatika katikati, upande ule ule.

Akaitundika ikauke. Kisha akatoa ufunguo, akafungua kisanduku cha chai na kujichotea vijiko viwili, vya kilele.