Nyati Asiyekuwepo

Sipho alikuwa kipofu kwa miaka miwili sasa. Presha ya macho ilimnyang'anya jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto, polepole, kama mtu anayefunga duka mlango mmoja mmoja. Mwanzoni mkewe, Leonida, alimshika mkono wakatembea mitaa ya Troyeville, Johannesburg, kama kawaida. Halafu siku moja Sipho akatumbukiza mguu kwenye shimo la maji taka ambalo wezi walikuwa wameng'oa kifuniko chake, akaanguka mbele ya watu waliokuwa wakisubiri teksi. Hakuvunjika kitu. Lakini tangu siku ile alikataa kutoka, akakaa sebuleni na redio yake.

Simu ilitoka Vietnam. Binti yao, Brightness, alikuwa akifundisha Kiingereza huko, kama vijana wengi wa Johannesburg waliokosa kazi nyumbani. Alisema amewaandikisha wote watatu kwenye msafara wa baiskeli wa siku nne, kusini, kule mto Mekong unakogawanyika matawi kabla ya kuingia baharini. Kwa baba yake kulikuwa na baiskeli ya viti viwili: mama angekaa mbele ashike usukani, baba angekaa nyuma akanyage tu.

Sipho alisema yeye si gunia la mkaa. Leonida alimwelewa. Walipokutana Morogoro, yeye binti wa Ifakara na Sipho mkimbizi kijana katika kambi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini pale Mazimbu, ni Sipho aliyekuwa akiendesha. Leonida alikaa kwenye keria, kitenge kimebanwa magotini, mkono umezunguka kiuno cha yule kijana aliyesema Kiswahili kama anatafuna kokoto. Kupinduliwa mpangilio huo ukiwa na miaka sitini na sita si jambo dogo.

"Kama huendi kwa ajili yako, Baba Brightness, nenda kwa ajili yangu," alimwambia. "Nimemkumbuka mwanangu, na siwezi kukuacha hapa peke yako."

Sipho akakubali. Obadia, fundi baiskeli wa mtaa wa jirani wa Bertrams mwenye asili ya Kigoma, alichomelea fremu mbili kuukuu zikawa moja, na kwa wiki sita wakajifunzia kwenye bustani ya Bezuidenhout Valley, Obadia akikimbia pembeni na kushika tandiko. Walianguka mara nyingi. Majirani walipita wakacheka, wakazoea, wakaacha kucheka.

Siku ya kwanza ya msafara Leonida alishangaa jinsi alivyojiona yuko nyumbani. Majaruba ya mpunga yalitandaa pande zote, kijani kile kile cha Ifakara, na harufu ya pumba zilizokuwa zikiungua kwenye tanuru za matofali. Njia zilikuwa nyembamba, zege jembamba la upana wa mita moja na nusu, mfereji huku na mfereji kule. Brightness alitangulia pamoja na kiongozi wa msafara, kijana mpole aliyeitwa Tam, na Leonida akafuata akimhadithia mumewe kila alichokiona. Mama anafua ngazini. Watoto wametupungia. Mashua imepakia nanasi mpaka inakaribia kuzama. Nyuma yake Sipho alikanyaga na kuitikia, "Ehe. Ehe."

Siku ya pili jua lilikuwa kali na koo likamkauka. Miguu iliuma, mikono ilikufa ganzi kwa kubana breki, na macho yake yote yalihitajika barabarani. Lakini kila aliponyamaza, alihisi ukimya wa Sipho mgongoni kama deni. Basi akaanza kubuni. Akasema kuna bibi amevaa kofia ya zambarau. Hapakuwa na bibi. Akasema kuna nyati mkubwa wa kulimia amelala majini, kichwa tu ndicho kiko juu, na ndege mweupe amesimama kichwani pake. Hapakuwa na nyati wala ndege, ila mfereji na magugu. Sipho akaitikia, "Ehe," na Leonida akaona aibu iliyomchoma kuliko jua.

Labda ni aibu ile iliyomwondolea umakini. Kwenye kona moja pikipiki ilitokea mbele, akakata usukani kwa nguvu, gurudumu likatoka kwenye zege, na wote wawili na baiskeli yao ndefu wakaporomoka ndani ya jaruba.

Leonida aliinuka tope hadi kifuani, akaita jina la mumewe mara tatu. Aliona kofia yake ngumu kwanza, halafu mabega yakitikisika. Alidhani analia. Akavuta miguu kumfikia, akamshika uso kwa mikono yake michafu, na ndipo akagundua kwamba Sipho anacheka, cheko lile la zamani linaloanzia tumboni, ambalo hakuwa amelisikia tangu siku walipoambiwa hospitali kwamba macho hayatapona.

"Mama Brightness," alisema alipopata pumzi, "yule nyati wako angekuwepo, angetuvuta tutoke."

Leonida alikaa pale pale kwenye tope. "Ulijua?"

"Nyati ana harufu. Nimepita karibu na nyati wengi Morogoro. Na wewe ukisema uongo sauti yako inakuwa tamu mno."

"Mbona hukuniambia?"

Sipho alitafuta mkono wake ndani ya maji mpaka akaupata. Alisema alidhani akimwambia, Leonida ataacha kuzungumza kabisa, naye aliogopa kubaki gizani bila sauti yake. Kisha akasema, taratibu, kwamba kila usiku humsikia akihema kwa uchovu, na kwamba ndiyo maana alikataa kutoka nje; si kwa sababu ya lile shimo. Hakutaka mkewe awe anamtumikia barabarani pia.

Leonida alimwambia kuwa kumwona amekaa kitini kutwa kulimchosha zaidi ya safari yoyote. Akaongeza lile ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu: kwamba siku nyingine anatamani kutazama kitu kimoja tu, kwa ajili yake mwenyewe, bila kumsimulia mtu.

"Basi tazama," Sipho alisema. "Mimi nitasikiliza. Nikitaka kujua kitu, nitauliza."

Bikizee mmoja aliyekuwa ameona yote kutoka mlangoni pake alikuja na ndoo na kata. Aliwamwagia maji bila kusema neno, kama anavyooshwa mtoto, akawapa mashati makavu. La Sipho lilimbana mabega. Tam na Brightness waliporudi mbio kuwatafuta, waliwakuta wanakunywa maji ya dafu.

Asubuhi ya siku ya nne goti la Leonida lilikuwa limevimba. Brightness akasema yeye atashika usukani, na mama atapanda mashua iendayo sambamba na njia, ikiwa na mizigo. Leonida alikaa juu ya mabegi. Ng'ambo ya maji aliwaona wakiondoka, wanayumba, wanakaa sawa, baba na binti.

Upepo ulimletea sauti zao. Brightness, ambaye tangu utotoni aliulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, alikuwa anajitahidi. Alisema kuna bata mengi. Sipho akamsahihisha kwamba ni bata wengi, akauliza hao bata wanaelekea wapi. Binti akasita, akalitafuta neno, akalipata.

Leonida aliwasikiliza mpaka njia ikapinda nyuma ya minazi. Kisha akageukia upande wa pili. Mto ulikuwa mpana, rangi ya chai ya maziwa, na visiwa vya magugu vikielea juu yake kuelekea baharini. Hakumwambia mtu. Aliutazama hadi machozi yakamtoka, akayaacha yakauke yenyewe.