Kadi Zilizolala Kisumu Ndogo

Neno lenyewe nililipata mferejini, siku ya Alhamisi, wiki moja kasoro siku moja kabla ya kura. Wangoi, jirani yangu wa mlango wa tano kwenye ploti ya vyumba tunayopanga, alikuwa mbele yangu kwenye foleni na mitungi yake miwili. Akageuka, akaniambia polepole kama mtu anayesoma tangazo la mazishi.

"Mama Lave, umesikia? Wenye ploti wamekaa mkutano. Mpangaji akimpigia Kitheka kura, akirudi atapata mlango uko na kufuli ya pili."

"Watajuaje nimempigia nani?"

"Kadi si iko na namba? Wanaandika hiyo namba kwa kitabu. Hawakosi."

Nilicheka. Nikachota maji yangu nikaenda. Lakini lile neno lilinifuata. Niliosha sufuria nalo, nikachambua sukuma nalo, Jumapili nikakaa nalo kanisani mpaka sikujua mhubiri alisoma wapi.

Nieleze kwanza kura yenyewe, maana wengine mmesahau. Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Kansela wetu alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa sukari, ikaitishwa kura ya wadi yetu peke yake. Hakukuwa na rais wala mbunge wa kuchagua, ni kiti hicho kimoja. Watu wengi waliona ni kura ya mchezo. Kwetu haikuwa hivyo. Mume wangu, Phanuel, ni seremala. Yeye na mafundi wengine kumi na wawili walikuwa na vibanda kando ya barabara hapa Gatina, nyuma ya kanisa. Mahali pale hapakuwa pa mtu, ni ukingo tu wa barabara, na hawakuwa na karatasi yoyote. Marehemu kansela alikuwa akiwaachilia tu.

Sasa waliotaka kiti ni wawili. Mmoja ni huyo Kitheka, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, kibanda cha tatu kutoka kwa mume wangu. Hakuahidi mengi. Alisema akiingia atawatafutia mafundi barua ya kukaa pale. Wa pili alikuwa tajiri wa malori ya mchanga, na yeye alisema mbele ya watu kwamba vibanda vile ni uchafu, vitaondoka, pajengwe maduka ya ghorofa. Kwa hivyo tulijua. Akishinda Kitheka, kibanda kinabaki. Akishinda yule wa malori, kibanda kinaenda, na kibanda ndicho kilikuwa kinatulisha na kumweka binti yetu Lavender shuleni.

Nilijua hayo yote, na bado nikafanya nililofanya. Mtu asije akadhani sikujua.

Mnaosoma mtasema mimi ni mwoga. Ni kweli. Lakini mwaka wa tisini na mbili nilikuwa nyumbani, upande wa Mlima Elgon, nimempeleka mtoto kwa nyanya yake. Niliona watu tuliokuwa tukiombana chumvi wakihama na magodoro kichwani. Na kabla ya moshi wa nyumba zilizochomwa, kulikuwa na neno. Lilianzia kisimani, likaenda sokoni, watu wakilicheka. Walioliamini mapema ndio waliotoka na ng'ombe wao. Waliocheka walitoka na nguo walizovaa. Kwa hivyo mimi nikisikia neno mferejini, siwezi kulitupa kama maganda ya viazi.

Nilimjaribu Lavender. Alikuwa kidato cha pili, na kichwa chake ni chepesi.

"Eti mtu akipiga kura, wanaweza kujua amechagua nani?"

"Zii, mathe. Kura ni siri. Unaingia peke yako, unaweka alama, unakunja. Ticha alitufunza."

"Ticha wako anakaa kwa ploti ya mtu?"

"Anakaa kwa nyumba ya shule."

"Basi hajui."

Alinitazama akarudi kwenye vitabu vyake.

Ningemuuliza mume wangu, ndiyo. Lakini nilijua angesema nini. Phanuel akishaamua jambo, hata ukimpigia misumari habanduki. Angesema waache wafunge, tutalala kibandani. Na mimi nikajiona nikilala juu ya vumbi la mbao na mtoto wa kike, barabara iko hapo.

Kwa nyumba nyingi za watu wa kwetu, mama ndiye anayeweka karatasi. Baba hana mkono wa karatasi. Phanuel ukimpa risiti, jioni utaipata imeandikwa vipimo vya kitanda kwa penseli. Kwa hivyo kadi zetu mbili za kura na vipande vyetu viwili vya kitambulisho nilikuwa nimevikunja kwenye nailoni, ndani ya jalada la Biblia ya Kibukusu. Hakuna aliyegusa hapo ila mimi.

Jumatatu nikasema naenda kumsalimia dada yangu Mercyline, Kibera. Nikatembea, nikavuka Ngong Road, nikateremka mpaka Kisumu Ndogo. Nilimkuta amekaa mlangoni na beseni ya omena, wale dagaa wa ziwani, akipepeta mchanga.

"Niwekee hizi," nikamwambia.

Akafungua nailoni. "Vipande? Kwani mmeachana?"

"Hatujaachana. Niwekee mpaka Alhamisi."

"Si kura yenu ni Jumatano?"

"Ndiyo maana."

Aliacha kupepeta. "Nanyama, unamfungia mume wako kama kuku?"

"Namfungia nyumba isifungwe."

"Haya. Mimi naweka, lakini shemeji akinijia hapa, jina lako ndilo nitataja kwanza."

Akaziweka chini kabisa ndani ya sanduku la bati, akatia kufuli, tukanywa chai.

Jumatano ikafika. Phanuel alikuwa na kitanda cha mtu cha kumaliza, akasema atapiga kura mchana, foleni ikipungua. Nikamshukuru Mungu, nikidhani labda atasahau. Saa saba akaja amenawa mikono, amevaa shati la kanisani.

"Mama Lavender, leta kadi."

"Si ziko kwa Biblia?"

Akafungua jalada. Hakuna kitu. Akainua godoro, akashusha masanduku, akamwaga kikapu cha nguo chafu. Hakusema neno lolote baya. Alikuwa akirudia tu, polepole, "Ziko hapa. Lazima ziko hapa." Nilikaa kitako nikachambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa. Saa nane ikapita. Alipoanza kung'oa karatasi za magazeti nilizobandika ukutani, akidhani zimeteleza nyuma, moyo wangu ukashindwa.

"Baba Lavender, ziko kwa Mercyline."

Akaniangalia.

"Watu wanasema watatufungia nyumba," nikasema.

"Watu gani?"

Hapo ndipo nilipoona sina jina la kutaja. Nilikuwa na Wangoi tu, na Wangoi naye alikuwa na maneno ya foleni.

Hakungoja nimalize. Alienda Kibera kwa miguu, akafika saa tisa na nusu, akakuta mlango una kufuli. Mercyline alikuwa sokoni Gikomba kununua omena za jumla. Phanuel alimngoja pale mlangoni na shati lake la kanisani. Dada yangu alirudi saa kumi na moja kasorobo akiwa na gunia, akamwona, akafungua sanduku kabla hata ya kusalimiwa. Phanuel akapanda gari, likakwama kwenye msongamano karibu na Dagoretti Corner, akashuka akakimbia. Alipofika shuleni walipokuwa wakipigia kura, ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi. Geti limefungwa. Askari alimwambia, "Mzee, si ungekuja mapema?"

Alirudi nyumbani akaziweka kadi mezani. Kisha akasema neno moja ambalo nalisikia mpaka leo: "Ungeniuliza."

Asubuhi tuliambiwa Kitheka ameshindwa kwa kura kumi na moja.

Nikajiambia, yetu ni mbili, si kumi na moja. Nikajishika hapo siku mbili. Siku ya tatu tukiwa mferejini Wangoi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ulienda?" Nikamwambia sikuenda. Akasema hata yeye hakwenda, alikuwa ameshona kadi yake na ya mumewe ndani ya mto. Mama mmoja nyuma yetu akakohoa, akasema yake ilikuwa kwenye mkebe wa majani chai. Mwingine alikuwa amemwambia mzee wake kwamba panya wamekula. Tukaanza kuhesabu, kwanza kwa kucheka, baadaye bila kucheka. Kwa ploti yetu tu zilikuwa kadi kumi na nne.

Kumi na nne. Hakuna aliyetununua, na hakuna aliyetushika shingo. Ni sisi wenyewe.

Nikataka kujua lilikotoka. Wangoi alilipata kwa muuza makaa. Nikaenda kwa muuza makaa, akasema alilipata kwa yule mzee anayefungua mfereji. Nikamwendea mzee wa mfereji. Akafikiria, akaniambia, "Mimi? Mimi nililisikia kwenu, nyinyi akina mama wa ile ploti."

Basi nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema. Mzee Kabiru, mwenye ploti yetu, alikuja mwisho wa mwezi kama kawaida yake, na kofia yake na kijiti cha kusafishia meno. Nikamuuliza mbele ya Wangoi kama ni kweli walikaa mkutano.

"Mkutano gani?"

"Wa kutufungia, tukimpigia Kitheka."

Alicheka mpaka akatoa kijiti mdomoni. "Nifukuze milango ishirini na mbili kwa siku moja? Halafu nani atakaa hapo, panya? Mama Lavender, hata mimi nilimpigia Kitheka. Ndiye alinitengenezea geti. Yule mwingine akijenga maduka pale barabarani, haya maduka yangu ya hapa mbele ya ploti nani atakuja kununua?" Kisha akaacha kucheka, akatutazama mmoja mmoja. "Na hamkuja kuniuliza?"

Wangoi aliinama akafunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

Vibanda viliondolewa mwezi wa pili, mchana wa jua kali, na vijana waliokuja kwa lori lisilo na maandishi. Mafundi walipewa saa moja. Phanuel alitoa benchi lake, randa na misumeno. Meza moja ya mteja ilivunjika mguu. Mahali pale pamezungushiwa mabati hadi leo, na hakuna duka lililojengwa. Sasa Phanuel anaamka alfajiri anaenda Kibera kufanya kazi kwenye benchi la mtu mwingine, na huyo mtu ni kijana ambaye Phanuel mwenyewe ndiye alimfundisha kushika randa. Lavender alikaa nyumbani muhula mzima wa pili. Alirudi shuleni akiwa nyuma, na hajawahi kuniambia lolote kuhusu siri ya kura. Ingekuwa afadhali aniambie.

Mume wangu hajanipiga wala hajanitukana. Lakini kadi yake ya kura na kipande chake sasa anaweka mwenyewe, kwenye mfuko wa ndani wa koti, umefungwa na pini. Akilala, koti liko chini ya kichwa chake. Mimi nami sijamwomba anirudishie.

Mwaka huu wanasema kuna kura tena, ile kubwa ya wote. Tayari nimesikia neno jipya mferejini, na wakati huu ni kuhusu watoto. Sitaliandika hapa, nisije nikalisambaza. Nimekaa na kalamu kwa sababu najua kuna mama kama mimi ambaye usiku wa leo anatafuta mahali pa kuficha karatasi. Simcheki. Hofu yake naijua. Namwambia tu mambo ya kuepuka.

Usifiche kadi ya kura ya mume wako, wala ya mtu mwingine yeyote.

Usimpe mtu akuwekee kadi na kipande, hata dada yako wa tumbo moja.

Usiweke kadi zote za nyumba mahali pamoja panapojulikana na mtu mmoja.

Usiamini neno lisilo na jina la aliyelisema kwanza.

Usilipeleke kwa jirani kabla hujamuuliza yule anayetajwa. Kama ni mwenye ploti, mngoje mwisho wa mwezi, au umfuate kwake.

Usingoje mchana. Nenda asubuhi.

Usinyamaze nyumbani ukiwa na hofu. Mwambie mwenzako, hata kama unajua atakataa.