Boga Halijapasuliwa

Boga nililinunua mimi mwenyewe, soko la Koyambedu. Ndiyo maana nilipomwona mtumishi wa mtayarishaji wa filamu amelibeba kabla ya chakula cha mchana, nilimshika mkono.

"Unalipeleka wapi?"

"Bwana Sabapathi kasema lipasuliwe, mama. Filamu imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Lilibaki tukio moja, na binti yangu Kuyili aliitengeneza filamu nzima kwa ajili ya tukio hilo: mama mzee anamfungia mlango mwanawe mlevi. Hapa Kodambakkam, mtaa wa watengeneza filamu, boga la kufukuza mkosi likishawashiwa kafuri na kupigwa chini, kazi imefungwa. Hakuna fundi atakayewasha taa tena, hata umsujudie. Sabapathi alilijua hilo vizuri.

Kuyili aliumaliza ujana wake akiwa msaidizi wa waongozaji. Aliwaandikia hadithi wakaziita zao. Hii ndiyo filamu yake ya kwanza, na mimi nimemlelea watoto ili aitengeneze. Sikuwalea ili aje kuchezewa.

Nililinyakua boga nikaenda uani. Nyota wetu, Dhiran, aliyeigiza huyo mlevi, alikuwa amemsimamia binti yangu akimfokea.

"Dada, mashabiki wangu huimwagia sanamu yangu maziwa. Leo waone kibibi ananifungia mlango? Watachoma viti!"

"Nilikusimulia hadithi yote kabla hujakubali. Ukalia machozi."

"Nililia kwa adabu tu."

Sabapathi, mtayarishaji mwenyewe, akacheka pembeni. "Boga liko wapi?"

"Hili hapa," nikasema. Nikaliweka chini, nikalikalia. "Anayelitaka aje aninyanyue."

"Mama, utatuletea mkosi!" Sabapathi akasema, saa yake iking'aa mkononi.

"Mkosi umeshafika, na umevaa saa ya dhahabu."

Mafundi wakainamisha nyuso kuficha kicheko. Mkubwa wao akajikuna shingo. "Boga halijapasuliwa, bosi. Sisi bado tuko kazini." Akawasha taa.

Kuyili hakumtazama mtu, hata mimi. Aliingia ndani ya nyumba tuliyokuwa tukipigia picha, akamnong'oneza mpiga picha, kisha Rukmani, mwigizaji mzee wa nafasi ya mama, aliyekuwa amevaa tayari tangu asubuhi. Dhiran akamfuata mbio, bado na shati la filamu, jasho likimtoka, hadi kizingitini.

"Nani kawasha taa? Mnanijua mimi nani, nyie?"

Rukmani akatoka jikoni akijifuta mikono. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuza sufuria za mama yake. Akaufunga mlango. Nikasikia komeo likiingia, halafu sauti ya binti yangu: "Kata!" Kamera ilikuwa ikimpiga picha muda wote huo.

Dhiran akabaki nje akiupiga mlango ngumi.

"Nitaliondoa tukio hilo!" Sabapathi alifoka Kuyili alipotokea mlango wa nyuma.

"Liondoe. Umesema mwenyewe filamu imekwisha, na mwisho ulio nao ni huo tu."



"Mama," Kuyili akasema, "sasa nyanyuka."

Nikalibeba boga hadi barabarani, mafundi wakaliwashia kafuri, nikalipiga chini kwa nguvu zangu zote. Halafu nikachukua ufagio nikavisukuma vipande pembeni, pikipiki zisiteleze. Gari la Dhiran lilikuwa linapiga honi nyuma yangu. Nilifagia mpaka nikamaliza.